Kijidudu cha Kipindupindu na Makao Yake Baharini

Sisi wanafunzi wa Itumba tumelelewa milimani, na wengi wetu hatujapata kuiona bahari isipokuwa katika ramani na picha. Huenda basi msomaji akauliza, "Mwana wa Ileje ana habari gani na wadudu wa maji ya chumvi?" Namwomba asikilize kidogo. Mvua inyeshayo juu ya mabati yetu hapa yateremka mabondeni hadi Mto Songwe. Songwe waingia Ziwa Nyasa kule Kyela. Maji ya Nyasa hutoka kwa Mto Shire upande wa Malawi, nao Shire waungana na Zambezi, na Zambezi humwagika katika Bahari ya Hindi, pwani ya Msumbiji. Bahari si jirani yetu, lakini ndiyo mwisho wa njia ya maji yetu.

Tena liko jambo lililo karibu zaidi, nalo ni ugonjwa wa kipindupindu. Mwezi wa Machi 2022 ugonjwa huo ulizuka Malawi, nchi ambayo kutoka hapa ni kuvuka mpaka tu pale Isongole, ukaendelea hadi mwaka 2023. Watu zaidi ya 58,000 waliugua, na zaidi ya 1,700 wakafa. Haujapata kutokea mlipuko wa kipindupindu ulioua watu wengi kiasi hicho katika historia ya nchi ile. Siku zile yalisemwa maneno mengi sokoni na njiani, na neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni kwamba huu ni "ugonjwa wa wachafu". Mimi silipendi neno hilo, wala si kwa sababu ya adabu tu. Mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo, akianza kuharisha huona haya. Hujifungia ndani, na jamaa zake humficha ili majirani wasijue, na kipindupindu chaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu katika muda wa saa chache. Kwa hiyo yafaa tujue kijidudu huyu ni nani, na kwao ni wapi. Hakuzaliwa chooni. Makao yake ya asili ni maji ya pwani, juu ya miili ya viumbe wadogo waitwao planktoni, na huko huishi maisha yake yote bila kumhitaji binadamu.

Planktoni ni nini? Neno lenyewe latoka katika Kiyunani, na maana yake ni mwenye kutangatanga. Ni jina la jumla la viumbe wote wa majini wasio na nguvu za kushindana na mkondo, ambao huchukuliwa kokote maji yaendako. Baadhi yao ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama yafanyavyo mahindi yetu shambani. Wengine ni wanyama wadogo, na kazi yao kubwa ni kuila ile mimea. Samaki wadogo nao huwala wanyama hao. Usipa wa Ziwa Nyasa, ambao hutufikia hapa wakiwa wamekaushwa, hula planktoni. Na dagaa wa baharini hali kadhalika. Basi yeyote aliyekula ugali kwa usipa amekwisha kula planktoni mara nyingi, ila hakuambiwa.

Kati ya wanyama wa planktoni, walio wengi baharini ni kopepodi. Ni ndugu wa kamba na kaa, lakini urefu wake ni milimita 1 au 2 tu. Ana papasi mbili ndefu kichwani, huenda kwa kurukaruka, na jike wa aina nyingi hubeba mayai yake katika vifuko vinavyoning'inia kando ya mkia. Msomaji asidhani kwamba ni lazima aende Dar es Salaam kumwona. Kopepodi wa maji baridi wamejaa katika madimbwi na mabwawa. Chota maji ya bwawa lenye majani katika chupa nyeupe ya kioo, uiinue kwenye nuru, ukae kimya. Utaona vidoa vyeupe vikienda kwa mishtuko, kama mtu anayevutwa kwa uzi. Yule ajulikanaye zaidi huitwa saiklopsi, kwa kuwa ana jicho moja tu katikati ya kichwa, kama jitu lile la hadithi za Wayunani.

Mwili wa kopepodi umefunikwa na ganda gumu la kitu kiitwacho kaitini. Ni kitu kilekile kilicho katika ngozi ya panzi na mabawa ya kumbikumbi. Ganda halikui, kwa hiyo mnyama akitaka kukua sharti alivue. Tangu kutoka katika yai hadi kuwa mzima, kopepodi hujivua ganda mara 11, na kila mara ganda la zamani huachwa majini. Fikiri wingi wa viumbe hawa katika bahari zote, uzidishe kwa 11, kisha uongeze maiti zao. Kwa hesabu hiyo sakafu ya bahari ingalikuwa imejaa maganda tangu zamani, na chakula chote kingalifungwa humo. Mbona haikujaa?

Jibu ni bakteria. Katika kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari mna bakteria wapatao milioni 5. Wengine huogelea peke yao. Lakini kuogelea peke yako katika maji matupu ni kazi ya njaa, na kwa hiyo wengi hutafuta kitu cha kushika, na kopepodi kwao ni nyumba iliyo na jiko. Juu ya ganda lake wapata kaitini ya kula. Mdomoni mwake hupita makombo ya mimea. Matumboni mwake hutoka mavi yenye rutuba. Naye huwachukua bure kutoka mahali hata mahali. Wale wenye uwezo wa kuyeyusha kaitini huila, na katika kula huirudisha majini iwe chakula cha mimea midogo, na mimea huwa chakula cha kopepodi, na mzunguko huanza upya. Pasipo wao tusingekuwa na samaki. Mmoja wa mafundi hao wa usafi wa bahari ni jamii ya vibrio, na ndani ya jamii hiyo yumo mmoja ambaye jina lake la kitaalamu ni Vibrio cholerae. Umbo lake ni kama alama ya mkato, ana mkia mmoja wa kuogelea, na urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita. Huyo ndiye kijidudu cha kipindupindu.

Ajabu ni kwamba watu walimjua kama muuaji miaka zaidi ya 100 kabla ya kumjua kama mkazi wa bahari. Mwaka 1854 Mtaliano Filippo Pacini alimwona kwa hadubini katika matumbo ya wafu huko Florence. Mwaka uleule tabibu John Snow alionyesha huko London kwamba ugonjwa ulifuata maji ya pampu moja ya Broad Street. Tena mwaka 1883 Mjerumani Robert Koch alikwenda Misri na kisha India, akamtenga kijidudu huyu na kumkuza. (Koch huyohuyo alifika baadaye Dar es Salaam, katika miaka ya 1890, kuchunguza malaria.) Tangu hapo mafundisho yalikuwa hivi: kijidudu hukaa tumboni mwa mtu, hutoka kwa choo, huingia majini, asipopata mtu mwingine upesi, hufa.

Mafundisho hayo yalikuwa na tundu moja. Ikiwa hufa upesi majini, hukaa wapi katika miaka ile ambayo hakuna mgonjwa? Mlipuko huisha, miaka hupita, kisha ghafula kijiji cha pwani chaugua tena. Watafiti walichota maji katika miezi ya katikati, wakayatia katika vyombo vyenye chakula cha bakteria, wakangoja, hapakuota kitu.

Mama mmoja wa Marekani, Rita Colwell, ndiye aliyelishika swali hili asiliache. Yeye na wenzake walichunguza vibrio katika Ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, na mwaka 1977 wakatangaza kwamba wamempata Vibrio cholerae katika maji yale, mahali ambapo kipindupindu hakikuwako. Wakuu wengi wa elimu hawakupenda kusadiki. Mwaka 1982 wakaeleza kwa nini wengine walikuwa hawamwoni: maji yakipoa, au chakula kikipungua, kijidudu hujikunja, akawa mdogo na wa mviringo, akalala. Yu hai, lakini ukimtia katika chombo cha maabara haoti, kama mbegu iliyomo ardhini wakati wa kiangazi. Mwaka uliofuata, pamoja na Anwar Huq wa Bangladesh, walionyesha kwamba vibrio hushika miili ya kopepodi walio hai, hasa kuzunguka mdomo na juu ya vifuko vya mayai, na kwamba waliomshika kopepodi huishi siku nyingi kuliko waliobaki peke yao majini. Kopepodi mmoja aweza kubeba vibrio wapatao 10,000. Mtu anywaye maji ya namna hiyo hadhani kwamba amekunywa kundi zima juu ya kidoa kimoja.

Sasa tuje pwani yetu wenyewe. Bahari ya Tanzania ina majira yake, na wavuvi huyajua kuliko sisi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa ya moto. Kisha huja masika, na mito ya Pangani, Wami, Ruvu na Rufiji hubeba udongo na rutuba ya bara na kuimwaga baharini. Mimea ya planktoni hupata mbolea na kustawi. Kopepodi hupata malisho. Na bakteria wao huongezeka pamoja nao. Tena penye mlango wa mto maji si ya chumvi kali wala si baridi kabisa, bali ni ya katikati, na hayo ndiyo vibrio ayapendayo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walichapisha taarifa kwamba wamempata Vibrio cholerae mwenye uwezo wa kutoa sumu katika maji ya milango ya mito ya pwani yetu.

Zanzibar nayo ina habari yenye kufikirisha. Kipindupindu cha zama hizi kilianza huko mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Watafiti walizilinganisha hesabu za wagonjwa na hesabu za joto na mvua, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Walikuta kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1 ya sentigredi, baada ya miezi 4 wagonjwa huwa mara 2 ya kawaida. Na mvua ikizidi kwa milimita 200, baada ya miezi 2 wagonjwa huwa mara 1.6. Joto na planktoni twaweza kuviunganisha kwa urahisi. Lakini mvua ina njia mbili: hulisha planktoni baharini, na pia hufurisha vyoo na kuingiza uchafu visimani. Hesabu peke yake haisemi njia ipi ilitumika, na nadhani ni vema tusiilazimishe.

Liko swali ambalo lilinisumbua sana nilipoanza kusoma habari hizi. Kiumbe aliyezoea kukaa juu ya ganda la kopepodi katika maji ya chumvi, atajuaje kuishi ndani ya tumbo la mtu? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa jibu, nami naliona kuwa ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili. Vibrio ana protini moja ambayo huitumia kama mkono wa kushikia kaitini. Kaitini imejengwa kwa sukari ya namna fulani, moja baada ya moja kama shanga katika uzi. Sukari hiyohiyo imo katika ute unaofunika utumbo wetu. Basi mkono aliojaliwa ili ashike kopepodi hushika utumbo wa mtu vilevile. Hakujifunza ufundi mpya. Alikuta mlango unaofunguliwa na ufunguo wake wa zamani.

Hata hivyo kushika si kuua. Ziko namna zaidi ya 200 za Vibrio cholerae, na walio wengi wa baharini hawana sumu ile ya kipindupindu. Ni namna 2 tu, ziitwazo O1 na O139, ambazo zimeleta milipuko mikubwa. Sumu nayo si mali yao ya asili. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba maagizo ya kutengeneza sumu huletwa na kirusi kinachoingia ndani ya bakteria na kukaa humo. Yaani kijidudu anayetuua, yeye mwenyewe ana mdudu wake. Kopepodi hubeba vibrio, vibrio hubeba kirusi, na kirusi ndicho chenye sumu. Sumu hiyo hufungua kuta za utumbo, na maji ya mwili hukimbilia nje kwa lita nyingi, meupe kama maji ya kuoshea mchele.

Hapa ndipo wataalamu wanapogombana, na haifai kuwaficha wasomaji ugomvi huo. Upande mmoja husema: makao ni bahari, na joto na planktoni ndivyo viamshavyo ugonjwa. Upande wa pili husema: hapana, ugonjwa hutembea na watu. Upande huu wa pili ulipata nguvu mwaka 2017, wakati watafiti walipolinganisha maandishi ya urithi ya mamia ya vijidudu vilivyokusanywa Afrika katika muda wa miaka 49. Walikuta kwamba milipuko ya Afrika tangu mwaka 1970 haikutoka katika vibrio wa pwani zetu walioamka, bali ililetwa kutoka Asia, si chini ya mara 11, na kila mara ikasambaa kwa safari za watu. Kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza wa zama hizi walionekana mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ukafuata mwaka 1977.

Historia ya zamani yakubaliana nao pia. Tabibu Mskoti James Christie, aliyekaa Zanzibar, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki. Alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyoshuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai pamoja na misafara, ukafika Pangani, na kutoka Pangani ukavuka kwenda Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Huko hakuna planktoni aliyetembea. Ni miguu ya watu.

Mimi mwanafunzi wa kidato cha nne sina cheo cha kuamua kesi ya mabingwa. Lakini naona kwamba pande zote mbili zaweza kuwa na haki bila kupingana. Bahari ndiyo kwao kijidudu. Humo ndimo alimopata mkono wake wa kushikia, na humo hubadilishana urithi na wenzake, maana imeonekana kwamba akiwa juu ya kaitini huwa tayari kupokea vipande vya urithi kutoka kwa bakteria walio karibu naye. Lakini akiisha kuingia katika watu, hana haja tena ya bahari. Mtu mmoja mgonjwa katika basi la kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma atosha kufanya kazi ambayo bahari haiwezi kuifanya. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulifika karibu mikoa yote ya nchi, hata ile isiyo na ziwa wala bahari. Katika miaka iliyofuata, hadi 2018, waliougua walizidi 30,000, na waliokufa walizidi 500.

Na maziwa yetu je? Kopepodi wamo, Nyasa na Tanganyika, kwa wingi usiohesabika. Watafiti walioichunguza miji ya kando ya maziwa huko Kongo, kama Uvira na Kalemie, waliona kwamba kipindupindu hakiondoki huko moja kwa moja. Hutulia na kurudi, na kutoka huko huenda bara. Wako waonao kwamba planktoni wa ziwa wana sehemu katika habari hiyo, na wako waonao kwamba ni wavuvi na wachuuzi wasio na maji safi. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wengi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha mkoa wa Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kwa zamu kuwapeleka Kigoma. Hawakuwa na maji mengine ila ya ziwa, na vyoo havikutosha. Katika majuma machache watu wapatao 3,000 waliugua. Wale hawakuwa watu wachafu. Walikuwa watu wasio na choo wala bomba, na mimi naona hayo ni mambo mawili mbali.

Ikiwa makao ya kijidudu ni bahari nzima, hapana awezaye kumwondoa duniani kama ndui ilivyoondolewa. Lililo katika uwezo wetu ni kumzuia njiani kati ya maji na mdomo. Na hapa elimu ya planktoni ilizaa jambo rahisi ambalo kila mama anaweza kulifanya. Colwell, Huq na wenzao walifikiri hivi: vibrio peke yake ni mdogo mno, hupenya kitambaa chochote, lakini aliyeshika kopepodi hawezi kupenya, kwa kuwa kopepodi ni mkubwa. Wakajaribu katika vijiji vya Matlab, Bangladesh, ambako watu huchota maji ya mito na madimbwi. Wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara 4. Kuukuu ilikuwa bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi za kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hulegea na kuziba matundu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyochuja, kipindupindu kilipungua karibu kwa nusu. Miaka 5 baadaye watafiti walirudi kuuliza, wakakuta wanawake wapatao 31 katika kila 100 wangali wanachuja, ingawa hakuna aliyekuwa akiwahimiza tena.

Kanga kuukuu au kitenge chaweza kufanya kazi hiyohiyo. Uganda kitambaa cha kuchujia kiliwahi kusaidia kushinda ugonjwa mwingine kabisa, yaani mnyoo wa Guinea, ambao mtu huupata kwa kumeza saiklopsi aliyebeba mabuu ya mnyoo. Nchi hiyo ilithibitishwa mwaka 2009 kwamba imeepukana nao. Kopepodi yuleyule, mgeni mwingine mgongoni.

Lakini mzazi asiridhike na kitambaa ikiwa ana kuni au ana dawa ya maji. Kuchuja hupunguza wingi wa vijidudu, hakuviui. Kuchemsha hadi maji yatokote huviua vyote. Hapa kwetu, kwa kuwa maji ya mvua za masika huwa na tope, ni vema kuchuja kwanza na kuchemsha baadaye, na kuyatia katika chombo chenye kifuniko. Chanjo ya kunywa nayo ipo. Zanzibar ilitolewa mwaka 2009, na ilikinga watu wapatao 8 katika kila 10 walioipata katika mwaka ule uliofuata.

Na mtu akiisha kushikwa, asifichwe hata saa moja. Asipotibiwa, karibu nusu ya wanaougua vikali hufa. Akitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika 100. Dawa ya kwanza ni maji yenyewe. Kama pakiti za chumvichumvi hazipo nyumbani, pima maji safi lita 1, tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu ya kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, koroga mpaka viyeyuke, umpe mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kukoma, hata akitapika, huku mkimpeleka kituo cha afya. Chumvi isizidi kipimo hicho. Aliyemsafisha mgonjwa naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na nguo za mgonjwa zisifuliwe mtoni, kwa maana walio chini ya mto huo, hadi Kyela na ziwani, huchota maji hayohayo.